Samaki Hafi Maji: Maneno Niliyosema Mikindani Juu ya Koo za Wanyama

Haya ni maneno niliyozungumza Jumamosi iliyopita hapa Mikindani, siku ya wazazi katika shule niliyofundisha Baiolojia mpaka nikastaafu. Wengi hawakufika, na siwalaumu, korosho ikianza kudondoka haisubiri mkutano. Walioniomba niyaandike nimeyaandika yote, pamoja na walionikatiza.

*

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu na mama zangu, shikamooni.

Nimesikia marahaba nyingine imetoka huku nyuma, kwenye madawati ya kidato cha pili. Tutaonana baadaye.

Hapa mezani mbele yangu mnaona chupa mbili. Msiziguse kwanza. Zina kazi yake mwishoni.

Nimeombwa nizungumze juu ya uainishaji wa wanyama. Nitaanza na Kiswahili. Niambieni: kiboko kinaogelea, au kiboko anaogelea?

(Watu: Anaogelea!)

Anaogelea. Na kile kilichokuwa kinaning'inia ukutani ofisini kwa mwalimu mkuu, enzi zetu, wazee mnakikumbuka? Kile kilikuwa kinachapa. Jina moja, herufi zilezile, lakini huyu anaogelea na kile kinachapa. Kiti kimevunjika, kikombe kimevunjika, lakini kipepeo ameruka. Kifaru amekimbia. Kinyonga amejificha. Hakuna hapa ndani aliyewahi kusema kinyonga kimejificha, hata mtoto wa miaka minne.

Nani aliwafundisha? Bibi yangu hakukaa darasani siku moja, na hakukosea hata mara moja. Lugha inamwona kipepeo amevaa koti la ki-, koti lilelile la kiti na kikombe. Haiishii kwenye koti. Inauliza, humu ndani yumo nani? Ikikuta roho ya mnyama, inamhamishia kwa wenzake, anaruka, wanaruka. Ndiyo maana waliotafsiri elimu ya wanyama walipotafuta neno la kundi kubwa kama la ndege au la mamalia, wakachukua neno la sarufi. Wakaliita ngeli.

Basi kazi yote ya kuainisha wanyama ndiyo hiyo. Ni kukataa kudanganywa na koti.

Vijana wangu shuleni wanasoma mambo haya kwa Kiingereza, wanapata alama, halafu wanarudi nyumbani hawawezi kumweleza bibi yao kwa nini nguva si samaki. Hilo linaniuma. Leo nitazungumza kwa lugha ambayo bibi atanirekebisha nikikosea.

Mswidi mmoja, Carl Linnaeus, ndiye aliyeweka utaratibu tunaoutumia mpaka leo. Kitabu chake kilitoka kwanza mwaka 1735, na toleo la kumi, la mwaka 1758, ndilo linalohesabiwa kuwa mwanzo wa majina ya kitaalamu ya wanyama. Ngazi zimeongezwa tangu wakati huo, na leo zinazofundishwa ni saba: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Miaka yote nimewaona wanafunzi wakizikariri kama dua ya lugha wasiyoijua. Hakuna haja. Ninyi mnazo ngazi hizo mfukoni. Himaya ni nchi. Faila ni mkoa. Ngeli ni wilaya. Oda ni tarafa, familia ni kata, jenasi ni kijiji, na spishi ni kitongoji. Kadiri unavyoshuka ndivyo watu wanavyozidi kufahamiana.

Chukua komba mdogo wa kule juu Rondo, mkoani Lindi. Ana uzito wa gramu 60 hivi, sawa na yai la kuku. Mwaka 1997 ndipo alipopewa jina lake la kitaalamu, rondoensis, yaani wa Rondo. Kabla ya hapo wazee wa Rondo walikuwa wanamsikia usiku, wanajua ni komba, basi. Huyu bwana mdogo ana macho mawili yanayotazama mbele, ana vidole vinavyoshika, ana kucha bapa kama zangu. Kwa hiyo yumo katika oda ya nyani na binadamu. Yaani komba wa Rondo na mkuu wetu wa mkoa wako tarafa moja.

(Kicheko. Mheshimiwa hakuwepo, ndiyo maana nilithubutu.)

Sasa niwapeleke Msimbati.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mvuvi wa jarife. Sisi watu wa huku, Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, ukoo tunauhesabu upande wa mama, na mjomba akisema jambo limesemwa. Basi nilikuwa kijana wa kidato cha tatu, nimerudi likizo, kichwa kimejaa kitabu. Tukaenda alfajiri kuangalia nyavu. Ndani ya jarife tukamkuta pomboo, amekufa. Hana jeraha. Ngozi inateleza kama mpira wa tairi lililolowa. Mjomba akamgusa kichwani, pale juu penye tundu la pua, akasema, "Huyu kafa maji."

Mimi nikacheka. Nikamwambia, mjomba, samaki anakufaje maji?

Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyesomeshwa kwa hasara. Akasema, "Samaki hafi maji. Huyu kafa maji. Basi huyu ni samaki?"

Wazee wangu, nimesoma vitabu vingi baada ya siku ile. Sijakuta maelezo ya mamalia wa baharini yanayozidi sentensi zile. Samaki ana mashavu, vitabu vinayaita matamvua, anavuta hewa iliyomo ndani ya maji. Ukimtoa, anatapatapa kwa kukosa maji. Pomboo na nyangumi wana mapafu kama yangu na yako. Wasipopanda juu kuvuta pumzi wanazama, kama mtoto aliyetumbukia kisimani. Ule mvuke mnaouona unafoka juu ya maji kuanzia mwezi wa Julai mpaka Novemba, nyangumi wenye nundu wanapopita pwani yetu, ni pumzi. Wametoka bahari ya baridi ya kusini kabisa mwa dunia, wanakuja kuzaa kwenye maji ya vuguvugu. Wanazaa, hawatagi. Na wakishazaa wananyonyesha.

Kuna alama nyingine, hii mtaiona wenyewe mkitoka hapa. Mkia wa samaki umesimama kama mlango, unapiga kushoto na kulia. Mkia wa nyangumi umelala kama sinia, unapiga juu na chini. Kwa nini? Mtazame mbwa akikimbia, mgongo unakunjika juu, chini, juu, chini. Halafu mtazame mjusi ukutani, anajipinda huku na huku, kama samaki. Nyangumi aliingia baharini na mgongo wa mbwa. Amebadilisha nguo zote, lakini mgongo hakuweza kuuacha.

Linnaeus mwenyewe mwanzoni alimweka nyangumi pamoja na samaki. Mwaka 1758 ndipo alipomtoa huko akamweka kwenye ngeli mpya aliyoiita Mamalia, jina lililotoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya titi. Mjomba asingeshangaa.

Sasa niwaulize. Kati ya wanyama wote wanaoishi leo, ndugu wa karibu zaidi wa nyangumi ni nani? Papa? Si papa, papa ni samaki kamili, ila mifupa yake ni gegedu, ndiyo maana mkila papa hamkuti miiba ya kuwakwama kooni. Nguva? Si nguva. Nguva ni mamalia, ndiyo, lakini ndugu zake ni tembo na yule pimbi wa majabalini. Matiti ya nguva yako karibu na kwapa, kama ya tembo yalivyo kifuani katikati ya miguu ya mbele. Ndugu wa nyangumi ni huyuhuyu tuliyeanza naye. Kiboko.

Naona mnatazamana. Uhusiano huo ulionekana kwanza kwenye chembe za urithi, miaka ya 1990, na wengi wakabisha. Halafu mwaka 2001 ikatangazwa mifupa iliyochimbuliwa Pakistani, ya nyangumi wa kale waliokuwa bado na miguu. Kifundo cha mguu kilikuwa kile cha mbuzi, cha ng'ombe na cha kiboko, kimechongeka pande zote mbili kama gurudumu la kisima. Wabishi wengi wakanyamaza. Sasa nendeni mdomoni mwa Ruvuma, pale mto unapoingia baharini. Ndani ya mto kuna viboko. Nje, kwenye msimu, wanapita nyangumi. Ndugu wawili wa ukoo mmoja, mmoja kabaki mtoni, mwingine kahamia baharini, na wanapishana mlangoni hawajuani.

(Hapa mzee mmoja wa mstari wa mbele akasimama: "Mwalimu, na popo?")

Popo, ahsante mzee wangu. Sote tumesimuliwa ngano ya popo aliyewakimbilia ndege siku ya vita vya wanyama, na akawakimbilia wanyama siku ya vita vya ndege, mwisho akafukuzwa kote. Popo hana unyoya hata mmoja. Ana malaika mwilini, anazaa, ananyonyesha, ana meno. Mkunjue bawa lake mbele ya taa: mtaona kidole gumba kimetokeza juu, na vidole vinne virefu vimetandikiwa ngozi. Lile si bawa, ni kiganja. Ni mamalia, habari imekwisha. Linnaeus alimweka kwenye kundi la nyani na binadamu, hapo alikosea, wakaja wengine wakampa oda yake.

Mamalia, basi: nywele na maziwa. Hata wachache wa Australia wanaotaga mayai, wana nywele na wana maziwa. Mengine yote yanabadilika.

Kosa langu la kwanza kubwa katika kazi lilitokana na kusahau hilo. Nilikuwa mwalimu mpya, bara huko mkoani Lindi. Siku moja kijiji kizima kikasimama, kakakuona ameonekana. Mnajua desturi yetu. Wazee walimwekea bakuli la maji, punje za mtama, majani mabichi na panga, wamwone atakwenda kwenye kitu gani, wajue mwaka unaleta nini. Nami nikapeleka darasa langu, nikasimama kifua mbele, nikawaambia, angalieni magamba haya, huyu ni reptilia, jamaa ya mjusi na mamba.

Mzee mmoja akaniambia taratibu, "Mwalimu, subiri ajikunjue."

Tukasubiri. Alikuwa amejiviringisha kama mpira. Baada ya muda mrefu akajikunjua. Kwanza ikatoka pua, halafu tumbo. Tumbo halina gamba hata moja, ni ngozi laini yenye nywele chache. Na shinani mwa mkia, amejibana ndani ya mkunjo, alikuwemo mtoto mmoja mweupe mweupe, magamba yake bado laini. Akapanda mgongoni kwa mama yake mbele ya darasa langu lote. Sikusema neno. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, reptilia ananyonyesha?"

Magamba yale, ndugu zangu, ni kucha. Kitu kilekile kilichotengeneza kucha na nywele zako. Wapo wanaomuua wakayauze kama dawa, wakati mtu anaweza kukata kucha zake mwenyewe akazichemsha akapata dawa ileile.

Reptilia wa kweli mnao, mkitaka kuwaona: mjusi, kenge, nyoka, mamba, kobe, kasa. Ngozi kavu yenye magamba, damu inayofuata joto la nje, na yai lenye ganda la nchi kavu. Kasa ndiye anayenifurahisha. Anaishi baharini maisha yake yote, ila usiku mmoja anajikokota mchangani, anachimba kwa mapezi ya nyuma, anaacha mayai 100 na zaidi, anarudi. Kwa nini ajisumbue? Kwa sababu yai lake linavuta hewa kupitia ganda. Likitagwa majini linakufa maji, kama pomboo wa mjomba. Mamalia hawezi kuacha mapafu, kasa hawezi kuacha yai. Na mchanga ukiwa wa moto zaidi, watoto wengi wanatoka majike. Hilo lina maneno yake katika dunia inayozidi joto, lakini siku nyingine.

Chura na jamaa zake, amfibia, nitawapita haraka. Ngozi tupu yenye unyevu inayovuta hewa, yai lisilo na ganda linalohitaji maji, utoto majini na ukubwa nchi kavu. Basi.

Ndege niliwaweka kiporo makusudi, maana kwao nahitaji Tendaguru.

Tendaguru iko huku kwetu, mkoani Lindi. Mwaka 1906, vita ya Majimaji ikiwa haijazima sawasawa, mhandisi Mjerumani aitwaye Bernhard Sattler alikuta mfupa mkubwa ajabu wa dinosaria umetokeza ardhini. Kuanzia 1909 mpaka 1913 watu wa makumbusho ya Berlin wakachimba. Nasema watu wa Berlin, lakini waliochimba ni babu zetu, kwa mamia, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ikafungwa, ikachukuliwa na wapagazi kichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200. Nafikiri mara nyingi juu ya mwanamume aliyetembea na kipande cha paja la mnyama asiyemjua, mnyama aliyekufa miaka milioni 150 kabla yake, akiulizwa na mkewe umebeba nini leo.

Mmoja wa wanyama hao alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na bado yuko huko, urefu wa mita 13.27 kutoka sakafuni mpaka kichwani. Werner Janensch, mwaka 1914, alimpa jina la Brachiosaurus, jenasi iliyokuwa imeanzishwa kwa mifupa ya Marekani. Alimwandikisha kwenye kijiji cha watu wengine. Miaka ikapita. Mwaka 1988 mtaalamu mwingine akapendekeza kuwa wa kwetu ana tofauti, na mwaka 2009 mifupa ikalinganishwa mmoja mmoja, wa Marekani na wa Tendaguru, ikaonekana ni kweli. Leo anaitwa Giraffatitan. Kapata kijiji chake. Mifupa yenyewe haijarudi, lakini hayo ni ya mkutano mwingine, na mimi ni mstaafu nisiye na pasipoti.

Sasa kuku. Jumapili mtu akichinja kuku wa kienyeji, kabla hamjaitia miguu kwenye maji ya moto, itazameni. Ina nini? Magamba. Magamba makavu, yamepangana kama vigae. Vidole vitatu mbele, kucha zimepinda. Ndege wametoka katika tawi la dinosaria waliotembea kwa miguu miwili, wala nyama wengi wao. Palepale Tendaguru aliyeonekana zaidi upande wa kuku kuliko yule jitu ni Elaphrosaurus, mwembamba, mwenye mbio. Kwa hiyo ukisoma kwamba dinosaria walikwisha wote, jua aliyeandika hafugi kuku. Kinachomfanya ndege awe ndege leo ni manyoya. Kuruka si lazima, mbuni haruki. Kutaga si lazima kwake peke yake, nyoka anataga. Unyoya, leo, hakuna mwingine aliye nao.

Nimezungumza muda wote huu juu ya wenye uti wa mgongo, na nimewadhulumu wengine. Katika kila spishi 100 za wanyama zilizokwisha kupewa majina, zenye uti wa mgongo ni kama 5 tu. Sisi na tembo na nyangumi na kuku tumo kwenye hizo 5.

Mama zangu mnaochokoa pweza bamvua likitoka, ninyi mnamjua pweza kuliko mimi. Mnajua akitoka ndani ya shimo anabadilika rangi mkononi mwako. Lakini je, mnajua kwamba ndugu zake ni konokono na chaza? Moluska wote hao. Mwili laini, usio na mfupa. Konokono kajijengea nyumba nje, pweza kaiacha, akabaki na akili badala ya ukuta. Ana mioyo mitatu na damu ya buluu. Na kile mnachokiita kiti cha pweza, chenye mikono mitano, hakina udugu wowote na pweza. Ndugu zake ni jongoo bahari, na jongoo bahari naye hana udugu na jongoo wa shambani. Mkate jongoo bahari kwa kukingama, mtaona mikanda mitano ya nyama imelala kwa urefu. Tano, kama mikono ya kile kiti. Hawana kichwa, hawana ubongo, na bado, mtanisamehe, kwa ukoo wako karibu nasi zaidi kuliko pweza mwenye akili zote zile. Yanaonekana kwenye hatua za mwanzo kabisa za yai linapogawanyika.

(Mama mmoja: "Mwalimu, sasa unatutukana." Nikamwambia sijaanza.)

Mchwa je? Mchwa si chungu wala siafu. Mchwa ni ukoo wa mende.

Na sasa niungame kosa la pili. Kosa la kwanza lilinigharimu aibu, hili liliniletea hasara.

Nilirithi shamba la mikorosho. Mwenye mikorosho anawajua majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mti kuwa kiota. Umewahi kuwaangalia wakishona? Kundi linavuta majani mawili yakutane, wameshikana viuno kama wavuta jahazi. Halafu anakuja mmoja amembeba buu kinywani, mtoto wao, anamgusisha jani hili, anamgusisha jani lile, na uzi wa hariri unatoka kinywani mwa mtoto. Sindano yao ni mtoto. Kazi nzuri, lakini ukipanda mkorosho wanakuuma mpaka unaita majina ya mababu. Nilichoka. Mwaka mmoja nikachukua mafuta ya taa na mwenge, nikachoma viota vyote. Nikajisifu.

Mwaka uliofuata machipukizi ya mikorosho yangu yakawa meusi kwenye ncha. Vidonda vyeusi kwenye vikonyo, maua yakakauka. Jirani akaniambia, ni mbu wa mikorosho. Nami, mwalimu wa Baiolojia, nikasikia neno mbu, nikafanya kama mtu wa mtaani. Nikafukia madimbwi. Nikafyeka nyasi. Nikamwaga maji ya mitungi ya shambani. Jirani mwingine akanishauri salfa, nikapuliza salfa. Salfa ni dawa ya ubwiriunga, na ubwiriunga ni kuvu, hata katika himaya ya wanyama haumo!

Afisa ugani akaja. Hakutazama maua kwanza, alitazama juu ya mti. Akauliza, "Mwalimu, majimoto wako wapi?"

Nikanyamaza kama siku ile ya kakakuona.

Mbu wa mikorosho si mbu, ndugu zangu. Amepewa jina hilo kwa sababu ni mwembamba, ana miguu mirefu, na ana mrija wa kufyonza. Hilo ni koti. Ndani ya koti ni jamaa ya kunguni. Mbu wa kweli anataga majini, na mtoto wake ni kiluwiluwi kisichofanana na mama hata kidogo. Huyu anatagia ndani ya chipukizi lenyewe, anatumbukiza yai kwenye nyama ya mti, na mtoto akitoka anafanana na mama yake ila hana mabawa. Maji niliyofukia hayakumhusu. Kama ningemjua ukoo wake ningejua anakozaliwa, na ningejua anayemla. Anayemla na kumfukuza ni majimoto. Nilikuwa nimewachoma askari wangu mwenyewe.

Siku hizi nawaacha. Nawahamisha kwa kukata tawi lenye kiota na kulipeleka mti wa pili, nikiwa nimevaa mikono mirefu. Wananiuma bado.

Basi vijana, sheria za wadudu mnazijua: mwili sehemu tatu, miguu sita. Buibui na nge wana miguu minane, si wadudu. Kaa na kamba wana kumi. Tandu ana jozi moja ya miguu kwa kila pingili, jongoo ana jozi mbili. Wote hao wamevaa mifupa nje, faila moja, ndugu wa mbali. Lakini kwa mbu kuna jambo jingine la kuangalia, nalo ni mabawa.

Sogeeni mezani, kwa foleni, wazee kwanza. Chupa ya kushoto ina mbu wa kawaida, nimemkamata chumbani kwangu usiku wa kuamkia leo. Ya kulia ina mbu wa mikorosho kutoka shambani kwangu. Hesabuni mabawa. Wa kushoto mtakuta mawili, na nyuma yake vijirungu viwili vidogo vya kumsaidia asipepesuke. Wa kulia mtakuta manne, mawili yamefunikwa na mawili. Halafu mtazameni huyo wa kulia mgongoni, mmemwona? Kimesimama kitu kama pini yenye kichwa. Mbu gani ana pini mgongoni?

Mwenye miwani amwazime jirani yake. Karibuni.